Nimeongeza RAM, PC inaanguka hovyo na kila skrini ya bluu ina jina lake: nipandishe volteji au nilegeze taimingi?

#1 Mleta Mada

Wakuu, salaam. Naombeni msaada maana kazi zimeanza kulala.

Mashine ni ya kuhariri video za harusi na sendofu. Prosesa Ryzen 5 3600, mazabodi ya B450 yenye sloti nne, pawa saplai ya wati 550, Windows 10. Ilikuwa na stiki mbili za DDR4 za GB 8 kila moja, zimeandikwa 3200 CL16 (kasi na taimingi, yaani muda wa kusubiri), XMP (mpangilio wa kasi uliomo kwenye RAM, unaowashwa ndani ya baiosi) imewashwa tangu nilipoinunua na haijawahi kunisumbua. Juzi nikaongeza stiki mbili nyingine za GB 8, mtumba wa Kariakoo, nazo ubavuni zimeandikwa 3200 CL16. GB 32 zikasoma vizuri kabisa.

Sasa nikianza kutoa video ndefu, katikati inakata. Mara MEMORY_MANAGEMENT, mara IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, mara PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, na leo asubuhi SYSTEM_SERVICE_EXCEPTION. Kuna wakati hakuna skrini ya bluu yoyote, kurasa za Chrome zinajifia moja moja huku mashine inaendelea. Halafu kuna faili la zip nililotumiwa na jamaa wa droni, nikilifungua linadai kosa la CRC (data hailingani), nikirudia hapo hapo linafunguka.

Windows nimeshapiga upya, hali ile ile. Fundi wa mtaani kasema pawa saplai imechoka, ninunue nyingine. Mshkaji kanionyesha video YouTube, jamaa anasema weka DRAM Voltage (volteji ya RAM) 1.5 mambo yaishe. Kabla sijaunguza kitu nimeona nije kwa wataalamu. Nawasilisha.

#2 Fundi Solda

Mkuu, hela ya pawa saplai iache mfukoni kwanza, na hiyo 1.5 usiiguse.

Draiva mbovu ni king'ang'anizi. Inaangusha mashine kwa kosa lile lile, na ukifungua minidump (faili ambalo Windows inaandika ikianguka) kwa BlueScreenView unakuta jina lile lile la faili la .sys. Zako kila moja inalia kivyake. Hiyo ni tabia ya data inayoharibika ikiwa ndani ya RAM: biti moja ikigeuka, yeyote atakayeisoma ndiye anayekufa. Leo kiini cha Windows, kesho Chrome, keshokutwa programu ya video. Na hilo zip ndilo shahidi mzito kuliko skrini zote za bluu. Faili lililoharibika kwenye diski halijiponyi lenyewe. Likikataa halafu likakubali bila kulishusha upya, ujue kilichokosea kilikuwa njiani.

Naomba vitu vitatu. Ingia baiosi, zima XMP, tumia kama kawaida uone kama inaanguka. Pili, fungua CPU-Z kwenye kichupo cha SPD, uninakilie namba za kila sloti. Tatu, shusha ZenTimings, inaonyesha taimingi zinazotumika muda huo kwenye mashine za Ryzen. Tunataka kuona tRCD na tRFC.

Na kwa sasa usihifadhi mradi wa mteja juu ya nakala pekee uliyo nayo. Kila unachohifadhi kinapita kwenye RAM hiyo hiyo.

#3 Mstaafu Mtarajiwa

Hamia Linux mkuu, skrini ya bluu utakuwa unazisikia kwa majirani tu.

#4 Fundi Solda

@Mstaafu, Linux nayo ingeanguka, tofauti ingekufa na segfault (kosa la memori la Linux). Tumsaidie jamaa kwanza, kampeni baadaye.

#5 Mleta Mada

Mkuu Fundi, nimefanya ulivyosema.

XMP ikizimwa inashuka hadi 2400 na imekaa usiku kucha ikitoa video bila kukohoa. Nikiiwasha tu, ndani ya muda mfupi imeanguka.

CPU-Z: jozi ya zamani XMP yake inasema 3200, 16-18-18-38, volti 1.35, na pameandikwa Ranks: Dual. Jozi mpya 3200, 16-20-20-40, volti 1.35, Ranks: Single. ZenTimings, XMP ikiwa imewashwa na zote nne ndani: CL 16, tRCD 18, tRP 18, tRAS 38, tRFC 416.

Ila ubavuni zote zimeandikwa CL16, ndipo ninapochanganyikiwa.

#6 Fundi Solda

Jibu liko hapo hapo kwenye namba zako. Ngoja nieleze kwa kirefu kidogo, maana swali hili linarudi kila mara humu.

Kwanza XMP yenyewe. Watu wanaiona kama haki ya kuzaliwa, kwamba RAM imeandikwa 3200 basi lazima ikimbie 3200. DDR4 kwa viwango vya JEDEC (chombo kinachopanga viwango vya memori) ni ya volti 1.2. Ukishaona 1.35 ujue hiyo ni kasi ya kusukumwa: mtengenezaji ameipima stiki hiyo, au jozi hiyo, akakuandikia mapishi yake kwenye kichipu kidogo cha SPD. Hakuipima pamoja na stiki za mtu mwingine. Ndiyo maana zinauzwa kwa jozi.

Pili, CL ni namba moja tu kati ya nyingi. Muuzaji anaandika CL kwa herufi kubwa ubavuni kwa sababu ndiyo inayouza. Nyuma yake kuna tRCD, muda wa kufungua safu ya data kabla ya kuisoma. tRP, muda wa kuifunga kabla ya kufungua nyingine. tRAS, muda wa chini kabisa safu kukaa wazi. Na tRFC, muda ambao chipu inajichaji upya na haipaswi kuguswa. Zote zinahesabiwa kwa mapigo ya saa, lakini chipu yenyewe haijui mapigo. Inajua nanosekunde. Kanuni ni nyepesi: chukua namba ya taimingi, zidisha kwa 2000, gawa kwa kasi. CL16 kwenye 3200 ni nanosekunde 10. CL18 kwenye 3600 ni 10 vilevile, kwa hiyo anayekucheka una "CL kubwa" bila kutaja kasi hajui anachocheka.

Sasa rudi kwako. Ukizima XMP, baiosi inasoma SPD za stiki zote na kuchagua namba zitakazomfaa aliye mzito kuliko wote, ndiyo maana 2400 imetulia. Ukiiwasha, mazabodi yako imechukua mapishi ya jozi ya zamani na kuyalazimisha kwa zote nne. Jozi mpya inataka tRCD 20, yaani nanosekunde 12.5. Inapewa 18, ambayo ni 11.25. Kibaya zaidi ni tRFC. Jozi yako ya zamani ni ya safu mbili za chipu (ndiyo hiyo Ranks: Dual, si safu ya data niliyotaja juu), GB 8 iliyojengwa kwa chipu za gigabiti 4, na chipu za aina hiyo kiwango chake ni nanosekunde 260. Mapigo 416 kwenye 3200 ni 260 kamili. Jozi mpya ni ya safu moja, chipu za gigabiti 8, na hizo zinataka 350, yaani mapigo 560. Unazigusa kabla hazijamaliza kujichaji, data inavuja.

Tatu, prosesa. Kontrola ya memori iko ndani ya prosesa, na AMD kwa Ryzen 3000 waliahidi 3200 kwa stiki mbili tu. Stiki nne za safu moja waliahidi 2933, nne za safu mbili 2667. Wewe una mchanganyiko.

Kwa hiyo swali lako la volteji au taimingi: taimingi na kasi kwanza. Volteji inakuja mwisho, kama kuna kilichobaki. Volteji haiwezi kuipa chipu muda ambao haikupewa.

#7 Mpenda Gemu

Fundi nakuheshimu lakini hapo umetia chumvi. Mimi zangu ziko 1.45 miaka yote, 3600 CL14, na ziko poa. Volteji ndiyo dawa.

#8 Fundi Solda

@Mpenda Gemu, 3600 CL14 kwa 1.45 hiyo bila shaka ni Samsung B-die (aina ya chipu za RAM). Zile zinapenda volteji na zinalipa fadhila. Sio kila chipu iko hivyo. Zipo ambazo ukivuka 1.35 makosa yanaongezeka badala ya kupungua. Halafu joto. Hata B-die zenyewe zikifika nyuzi 50 na kuendelea zikiwa zimebanwa taimingi zinaanza kutema makosa. Jamaa ana stiki nne zimebanana, chumba cha Dar, mwezi wa pili. Sio mashine moja na yako.

#9 Mleta Mada

Sasa nifanyeje hatua kwa hatua? Msichoke na mimi.

#10 Fundi Solda

Usafi kwanza. Toa stiki zote, uzitazame meno yake kwenye mwanga. RAM za mtumba huwa na ukungu mweusi wa vidole vya watu na mara nyingine alama ya mkwaruzo jino moja limelika. Futa kwa pamba na spiriti ya isopropili, acha ikauke. Kifutio cha penseli mafundi wengi tunakitumia lakini unga wake ukibaki slotini umejitafutia kazi nyingine. Puliza sloti.

Halafu pima jozi ya zamani peke yake, XMP imewashwa, kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kisha jozi mpya peke yake, hivyo hivyo. Kama jozi mpya peke yake inatoa makosa kwa mapishi yake yenyewe, hakuna cha kurekebisha, irudishe kwa aliyekuuzia. Hapa ndipo wengi wanaruka, wanaanza kuchezea baiosi wiki nzima wakati stiki yenyewe ni mbovu.

Kupima: MemTest86 kwenye flashi, toleo la bure linatosha, liache limalize raundi zake nne. Au Memtest86+, ni mradi mwingine wa chanzo huria, usichanganye. Ila zote mbili zinaendeshwa nje ya Windows na kadi ya picha ikiwa imepoa, kwa hiyo zikipita usishangilie bado. Ukirudi Windows endesha TestMem5 na mpangilio wa anta777. Kosa moja ni kosa. Hakuna "limetokea moja tu, si mbaya."

Jozi zote zikipita, weka nne, XMP iwashe halafu badilisha kwa mkono: kasi 2933, FCLK (saa ya njia za ndani ya prosesa) 1467 ili iende sambamba na RAM, taimingi 16-20-20-40, tRFC 520 (kwa kasi hiyo nanosekunde 350 ni karibu mapigo 514, nimekuachia nafasi kidogo), Gear Down Mode iwe Enabled, DRAM Voltage 1.35 ibaki hapo. Zilizobaki acha Auto. Pima. Ikikataa, shuka 2666 kabla ya kufikiria volti.

Kama imebaki kosa la hapa na pale, angalia SoC Voltage. Hiyo ndiyo inayolisha kontrola ya memori ndani ya prosesa, na stiki nne zinailemea. Panda taratibu kuelekea 1.1, usikaribie 1.2. DRAM Voltage ukiipandisha iwe kwa 0.01 au 0.02, na kwa stiki zako mimi ningesimama 1.40. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, andika kwenye karatasi. Ukibadilisha vitatu ikapona hujui dawa ilikuwa ipi, na ikizidi kuumwa hujui sumu ni ipi.

Ikigoma kuwaka kabisa usipanic. Zima, chomoa waya, gusisha pini za CLR_CMOS kwa bisibisi sekunde chache, au toa betri ya CR2032 dakika kadhaa. Inarudi kama ilivyotoka dukani.

#11 Kijiwe cha Luthuli

Niko Nairobi, nafuatilia kwa makini. Nyongeza kidogo kwa wale wa mashine za kitambo. Enzi za Core 2 Duo shida ilikuwa kinyume. DDR2 kiwango chake ni volti 1.8, lakini stiki nyingi za kasi ziliuzwa zikitaka 2.1, na mazabodi ikiwaka inaweka 1.8. Mteja analeta mashine inaanguka ovyo, umebadilisha kila kitu, kumbe stiki ina njaa. Hapo volteji ndiyo ilikuwa dawa ya kwanza. Halafu ikaja DDR3 ya 1.5 na Intel, zilipotoka Core i7 za kwanza 2008, wakasema usivuke 1.65 maana kontrola ya memori imehamia ndani ya prosesa. Kwa hiyo ushauri wa zamani kwenye mitandao usiubebe mzima mzima, angalia unazungumzia RAM ya kizazi kipi. Hata laptop za DDR3L ni 1.35, ukichomeka ya 1.5 nyingine haziwaki kabisa.

#12 Mleta Mada

Mrejesho wakuu.

Stiki moja ya mtumba kweli ilikuwa na weusi kwenye meno karibu na kile kikato cha katikati. Nimesafisha. Jozi zote mbili zikiwa pekee zimepita MemTest86 kwa XMP zake, kwa hiyo si mbovu.

Zote nne na XMP ya kawaida: MemTest86 imeanza kuandika makosa mekundu kwenye raundi ya kwanza. Nimeweka 2933 na namba za Fundi, MemTest86 imepita safi. Nikarudi Windows, TestMem5 ikanipa kosa moja baada ya kukaa muda. SoC kwenye ZenTimings ilikuwa imekaa 1.0 hivi. Nikaipeleka 1.1, nikarudia, safi. Nikarudia tena mchana wa jua kali, feni ya mezani nimezima makusudi, safi.

Jana usiku nimetoa harusi nzima, saa tatu za video, haikukohoa. DRAM Voltage sijaigusa, iko 1.35 vilevile.

Swali: napoteza kiasi gani kwa kushuka kutoka 3200 hadi 2933? Mpenda Gemu kanitumia ujumbe ananicheka.

#13 Fundi Solda

Safi sana. Kwa kuhariri video, GB 32 kwa 2933 ni bora kuliko GB 16 kwa 3200, kwa sababu mashine ikiishiwa RAM inahamia kwenye diski na hapo ndipo unapolia. Kwenye gemu utaona fremu chache zimepungua, kwenye kazi yako hutaona kitu. Mwache acheke.

Lililobaki: fungua CMD kama msimamizi, piga sfc /scannow. Windows yako umeisimika huku RAM inaharibu data, inawezekana kabisa kuna faili za mfumo zimeingia zikiwa zimepinda tangu siku ya kwanza. Kama ungekuwa na muda ningesema piga upya kabisa. Na miradi uliyohifadhi kipindi kile ifungue uikague kabla hujafuta nakala za kamera.

#14 Mama wa Steshenari

Wanangu samahani naingilia. Mimi ya dukani haina skrini ya bluu, inajizima tu puu na kujiwasha. Kwenye Event Viewer kuna Kernel-Power 41. Kijana wangu kasema ni RAM. Ni kweli?

#15 Fundi Solda

Shikamoo mama. Kernel-Power 41 haisemi ugonjwa. Ni Windows inaandika kwamba iliwaka na kukuta haikuzimwa vizuri, basi. Hata umeme wa TANESCO ukikatika utaikuta hapo.

Kwa mashine inayokata puu bila bluu yoyote ningeanza na umeme: soketi, kebo, stabilaiza, UPS yenye betri iliyokufa, kisha pawa saplai. Hapo ndipo ushauri wa kubadilisha pawa saplai unapokuwa na maana. Angalia pia kama jirani na hiyo 41 kuna WHEA-Logger. Ukiiona, tatizo liko kwenye vifaa vyenyewe, mara nyingi prosesa au volteji zake. Kama ni Ryzen ya mwanzo na inakufa ikiwa imekaa tu bila kazi, ndani ya baiosi kuna Power Supply Idle Control, iweke Typical Current Idle. Pawa saplai nyingine za zamani hazipendi mashine inaposinzia sana.

RAM ipime pia, ni bure. Ila isiwe mshtakiwa namba moja.

#16 Mama wa Steshenari

Marahaba. UPS inapiga kelele tangu mwaka jana, tumezoea. Nitaanza nayo.

#17 Kijiwe cha Luthuli

Hiyo "tumezoea" ndiyo imenilisha miaka yote hii.

#18 Mpenda Gemu

Haya Fundi, mimi nahamia AM5 (soketi ya Ryzen 7000) mwezi ujao, DDR5 stiki nne GB 64. Nizingatie nini, maana najua utanisema tu.

#19 Fundi Solda

Nunua stiki mbili za GB 32, acha sloti mbili tupu. Ryzen 7000 kwa stiki nne AMD wanaahidi 3600 tu, wakati kwa mbili wanaahidi 5200. Umenunua DDR5 halafu inakimbia kama DDR4.

Volteji ya kawaida ni 1.1, na XMP huko ina ndugu yake wa AMD anaitwa EXPO. SoC usiivushe 1.3, kulikuwa na Ryzen 7000 zilizoungua mwaka 2023, za X3D ndizo zilizovuma zaidi, AMD wakatoa baiosi mpya zenye kikomo hicho. Kwa hiyo kitu cha kwanza ukifika nyumbani ni kusasisha baiosi, kabla hata ya kuwasha EXPO.

Na ukiwasha mara ya kwanza skrini itakaa nyeusi dakika kadhaa, feni zinazunguka, taa ya DRAM inawaka kwenye mazabodi. Inafunza memori, yaani inajipima na RAM mpya. Usichomoe umeme, usinipigie simu usiku. Kanywe chai kwanza.